Ndugu Aliyepotea Katika Herufi Mbili

Darasa letu la Kiingereza lilikuwa chini ya kanisa, katika ukumbi wenye madirisha madogo juu kabisa ya ukuta, hivi kwamba asubuhi tuliona miguu tu ya wapita njia. Jumanne na Alhamisi, saa nne, tulikaa humo watu kumi na mmoja, wote watu wazima, wote wa upande huu wa magharibi wa San Antonio, Marekani, ambako mtu anaweza kuishi kwa Kihispania miaka thelathini, akazika wazazi na kuozesha watoto, bila kulazimika kusema neno moja la Kiingereza. Mimi nilikaa kiti cha nyuma ya Eustolia Mier. Ndiyo maana niliyaona haya.

Mwaka ule, mwaka wa tisini na sita, Eustolia alikuwa na miaka sitini na miwili. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe pe, mwenye tabia ya kunyamaza katikati ya maneno na kutazama mahali pasipo na kitu. Hakuwa msahaulifu. Alikuwa mtu wa kuota macho wazi, tangu utotoni, na bintiye Noelia alishazoea kumwita mara tatu kabla hajarudi kutoka huko alikokuwa. Kazi yake ilikuwa kushona. Katika duka la kurekebisha nguo lililo karibu na reli, yeye ndiye aliyepunguza viuno, aliyeshusha pindo na kutia zipu mpya, na kwa kuwa macho yake yalikuwa bado yanaona tundu la sindano, hakuna aliyemwambia apumzike.

Kilichomleta darasani ni suti. Bwana mmoja aliileta ipunguzwe mikono, avae kwenye mahafali ya bintiye. Siku hiyo mwenye duka hakuwepo, kwa hiyo Eustolia alimuuliza jina kwa ishara ya kalamu. Yule bwana akalitaja, na alipoona kalamu imesimama hewani akamtajia herufi moja moja: di, i, ei, en. Eustolia akaandika alichosikia. D, kisha I, kisha E, kisha N. Akabana karatasi kwa pini na kuitundika suti pamoja na nyingine. Siku ya kuichukua, mwenye duka alitafuta suti ya Bwana Dean mpaka jasho likamtoka. Alipita mbele ya karatasi iliyoandikwa Dien mara tatu bila kuitilia maanani. Robo tatu ya saa ilikwisha hivyo, na mahafali yanangoja.

Bwana yule hakugomba. Alimwonyesha Eustolia ile karatasi, akaweka kidole juu ya kila herufi, akaitamka polepole, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kutaja vidole vyake. Upole huo ndio uliomchoma.

"Niliandika alichosema," alimwambia Noelia alipofika nyumbani. "Kasema i, nikaandika I."

"Mama, wao wakisema i, ni E hiyo."

"Na hiyo I yenyewe wanaiitaje?"

"Ai."

"Ai," alirudia Eustolia. "Kama mtu aliyejidunga sindano." Akatazama ukuta, kisha akasema atakwenda kusoma.

Mwalimu wetu alikuwa Delfina Arredondo, mjane mnene mwenye sauti ya msichana. Alifanya kazi miaka thelathini katika makao ya simu, enzi zile za kuchomeka waya kwa mkono, na maisha yake yote alikuwa akisikiliza watu wakitaja majina yao gizani, bila sura. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa masomo hakutuonyesha ubao. Alituambia tufumbe macho. Alisema macho yetu yatatudanganya, kwa sababu herufi zao na zetu zimevaa nguo zilezile, mtu akizitazama anadhani anazijua.

Basi tulikaa macho yamefumbwa, watu wazima wenye mikono ya saruji na ya sabuni, tukiimba ei, bi, si, di. V alitufanya tuume mdomo, kwa sababu kwetu sisi hiyo na B ni mapacha wasiotofautishwa hata na mama yao. H, ambayo kwetu ni bubu, tuliambiwa kwao inaitwa eich, nayo inapumua. Kati ya G na J tulipotea kila siku: moja ni ji na nyingine ni jei, na ukizigeuza umegeuza mtu. Casimiro, fundi wa mapaa, ambaye hakukosa neno, alisema lugha hii imetungwa na mtu aliyekuwa na jino bovu.

Mimi nilikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote. Eustolia hakuwa hodari sana pia, lakini alikuwa na njia yake. Aliniambia kwamba anaziona. Akiwa kwenye cherehani, mguu ukienda wenyewe, aliona mtaa wa nyumba nyeupe, na vokali zimehama usiku bila kumuaga mtu. Unagonga kwa I, anafungua E. Unakwenda kwa E, unamkuta A ameketi, anakunywa kahawa. Alisema alitembea mtaa huo kila siku, akigonga, akiomba radhi, akienda nyumba ya pili, mpaka akaanza kujua nani anakaa wapi. Nilicheka. Yeye hakuwa anachekesha.

Sasa lazima niseme habari za kaka yake, kwa sababu sisi tuliokaa naye tulizijua kama tunavyojua habari za kila nyumba.

Kijiji chao kiliitwa Charco Hondo, upande wa kusini wa mto wa mpakani, Meksiko. Hakipo tena. Mwaka wa hamsini na tatu serikali mbili zilifunga mto kwa bwawa, na maji yakapanda juu ya kijiji polepole, kama mtu anayevuta blanketi. Miaka miwili kabla ya hapo kaka yake, Abel, alijiandikisha pamoja na vijana wengine kwenda kulima kaskazini kwa mkataba. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na katika nyumba yao yeye peke yake ndiye aliyekaa shuleni hadi akajua kusoma vizuri. Ndiye aliyemfundisha Eustolia herufi, kwa mkaa, kwenye ukuta wa nyuma. Alizitamka kwa majivuno, kila moja na kituo chake, kama padri anayetaja watakatifu.

Barua zake mbili zilifika, kutoka Idaho, kaskazini mwa Marekani. Viazi sukari, baridi, chakula si kibaya. Majibu waliyompelekea yalirudi yote, yamegongwa muhuri kwamba mtu huyo hayupo. Kisha maji yakaja, familia ikahamia mji mpya wenye nyumba zilizofanana zote, na ikiwa kulikuwa na barua ya tatu, ilitumwa kwa posta iliyo chini ya ziwa. Miaka arobaini na mitatu ikapita. Eustolia aliolewa, akabaki na jina la ukoo wa baba kama ilivyo desturi ya kwao, akavuka mto, akafiwa na mume. Noelia, kwa Kiingereza chake kizuri, aliwahi kuwapigia simu mara mbili watu wa kuulizia namba. Mara zote mbili aliambiwa kwamba Idaho nzima hakuna mtu aitwaye Mier.

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa tano. Delfina alituruhusu kufumbua macho na kusimama mbele ya ubao. Alisema leo yeye si mwalimu, ni karani asiyejua Kihispania hata chembe, na kila mmoja wetu amtajie jina la ukoo wake, herufi kwa herufi, kwa namna ya nyumbani. Yeye ataandika kile tu ambacho sikio la Kiingereza linasikia. Alitaka tuone kwa nini tunateseka.

Tulicheka mpaka machozi. Jina langu likatoka kitu kisichosomeka, kama bati lililogongwa na lori. La Casimiro likaota herufi mbili zaidi. Kisha Eustolia akasimama, mikono nyuma, akataja kama alivyofundishwa: eme, i, e, ere. Delfina akaandika M. Aliposikia i, akaandika E. Aliposikia e, akasita kidogo kama karani aliyechoka, akaandika A. Akamalizia na R.

Mear.

Katika Kihispania neno hilo ni kukojoa. Darasa zima liliangua kicheko, hata Delfina akashika kifua.

"Basi," alisema Casimiro, "kuanzia leo ni Doña Kikojozi."

Eustolia hakucheka wala hakukasirika. Alikwenda ubaoni, akaweka kidole chini ya zile herufi mbili za katikati, moja, kisha nyingine, na akakaa hivyo muda mrefu mpaka kicheko kikatufia mdomoni. Miguu ya watu ilipita juu dirishani. Nilidhani ameondoka tena, kama kawaida yake, lakini safari hii alikuwa hapohapo kuliko sisi sote.

"Mwalimu," alisema, "karani angeandika hivi kweli?"

"Nimewasikia wakiandika hivyo miaka thelathini."

"Hata kwa kijana anayetamka vizuri? Anayejua herufi zake?"

"Huyo ndiye hasa," alisema Delfina. "Anayebabaika wanamuuliza tena. Anayetamka kwa uhakika wanamwamini."

Eustolia akarudi kukaa. Niliuona mgongo wake ukipanda na kushuka. Kisha akasema, si kwa yeyote kati yetu, kwamba Abel alitamka vizuri sana.

Casimiro alivua kofia. Sijui kwa nini. Hakukuwa na maiti humo. Lakini ndivyo alivyofanya, na hakufanya mzaha tena siku ile.

Kulikuwa na simu katika ofisi ya kanisa. Delfina alitaka kupiga palepale, yeye mwenyewe, kwa lugha yake ya kazini. Eustolia akamwomba amwachie. Alisema mwalimu akiambiwa hakuna mtu, yeye atabaki anajiuliza kama jina lilitajwa sawasawa. Akilitaja mwenyewe atajua. Delfina akakubali kumzungushia namba na kusema maneno ya kwanza, kisha akampa mkono wa simu. Sisi tulisimama mlangoni, tumebanana kama watoto, hakuna aliyekwenda nyumbani.

Upande wa pili mwanamke aliuliza jina. Eustolia akafumba macho, kama tulivyofundishwa.

"Em," alisema. Akapumua. "I. Ei. Ar."

Mwanamke akarudia herufi kwa haraka, na hata mimi niliyekuwa mjinga wa darasa nikasikia kwamba amekosea. Alisema ai mahali pa i. Mwezi mmoja nyuma Eustolia angesema ndiyo, ahsante, kama tulivyokuwa tukisema sote kwa kila kitu ambacho hatukukielewa. Sasa alitikisa kichwa, ingawa hakuna aliyemwona huko.

"No," alisema. "Si ai. I. Em, i, ei, ar."

Vidole vikasikika vikigonga vitufe. Walikuwepo watatu wenye jina hilo. Wawili walikuwa na majina ya kwanza ambayo herufi zake hazikufaa. Wa tatu alikuwa A, katika mji wa mashamba ya viazi, kusini mwa Idaho. Delfina akaandika namba nyuma ya karatasi ya matangazo ya misa.

Ungedhani Eustolia atapiga siku hiyohiyo. Hakupiga. Alikaa na karatasi ile siku mbili, mfukoni mwa aproni, akashona. Aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yote hiyo kaka yake alikuwa mahali fulani, kijana, amesimama kwenye shamba lenye theluji, na kwamba akipiga simu kijana huyo ataondoka na hatarudi tena. Atakayejibu atakuwa mzee, au mjane wa mzee, au mtu baki.

Jumamosi alasiri alinitumia mtu niende nikae naye. Noelia alikuwepo. Mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka jikoni, na Noelia alitaka kuizima, mama yake akasema aiache. Alipiga mwenyewe. Aliitika mwanamke kwa Kiingereza, Eustolia akataja jina moja tu, Abel, na tukasikia mwanamke akiita mbali, katika nyumba iliyosikika kuwa kubwa. Kisha sauti ya mwanamume, ya kukwaruza.

Eustolia alimuuliza kwa Kihispania kama yeye ni Abel, mtoto wa Petronila wa Charco Hondo.

Yule mtu alijibu polepole, kama anayevuta kila neno kutoka kwenye kisima kirefu.

"Petronila ni mama yangu. Nani mwenzangu?"

"Tola," alisema Eustolia, kwa jina lake la utotoni.

"Tola alikufa kwenye maji."

"Maji yalichukua nyumba," alisema Eustolia. "Sisi tulihama. Na magodoro, na kuku, na mlango wa mbele. Baba alikataa kuuacha mlango."

Mashine ya kufulia ilizunguka. Noelia alikuwa amekaa sakafuni. Eustolia hakulia, alikuwa ameegemea ukuta na uso wake ulikuwa laini, kama wa mtu anayesikiliza muziki kutoka nyumba ya jirani. Akasema tena kwamba ni yeye, Tola, ana miaka sitini na miwili, ana meno yake yote isipokuwa manne. Hapo ndipo mzee huyo, huko Idaho, alipolia, na mkewe asiyejua Kihispania akachukua simu na kuuliza kwa ukali ni nani huyo aliyemliza mumewe, na Noelia ikabidi aeleze.

Tulielewa yote baadaye, kidogo kidogo, kila Jumamosi. Siku aliyoandikishwa Abel, karani alimtaka ataje jina lake herufi kwa herufi, naye akalitaja kwa fahari yote aliyokuwa nayo. Alipoona karatasi, alijaribu kusema si hivyo. Akaambiwa aende mbele, foleni ni ndefu. Na jambo la ajabu ni kwamba Wamarekani walipoisoma Mear, ilitoka vinywani mwao Mir, karibu kabisa na jina lake halisi. Kwa hiyo masikioni alikuwa yeye, karatasini hakuwa yeye, na yeye aliishi masikioni. Barua za nyumbani zilimkosa kwa sababu orodha ya kambi ilikuwa na Mear tu. Barua ya tatu aliyoiandika yeye ilirudi kwake, na mtu wa sehemu za kwao aliyekutana naye kwenye mavuno akamwambia kwamba maji yalipanda kwa ghafla na watu wengi walikufa. Hayakupanda kwa ghafla. Lakini nani angemwambia?

Abel alipouliza kuhusu mama, Eustolia alimwambia kwamba alifariki mwaka wa sabini na nne, na kwamba mpaka hapo, kila mwezi wa kumi na moja, wakati wa kuwapangia marehemu picha na mishumaa, hakukubali kamwe picha ya Abel iwekwe pamoja nao. Watu walimsihi. Alisema mtoto hawekwi na wafu kwa sababu tu posta haimjui.

"Alisema hivyo?"

"Kila mwaka. Tukachoka kumsihi."

Mwezi wa tisa Eustolia alipanda basi kwenda Idaho, siku mbili njiani. Noelia alitaka kumsindikiza, akakataa. Alikuwa na Kiingereza kama cha kasuku, lakini alijua kusoma majina ya miji na kuuliza, na akipewa jibu aliweza kuomba lirudiwe.

Alinisimulia mwenyewe jinsi walivyokutana. Kituo kilikuwa kidogo, benchi moja tu kwenye kivuli. Aliteremka, hakumwona mtu aliyemfikiria, akakaa. Kulikuwa na mzee mmoja mwekundu wa jua amekaa upande wa pili wa benchi hilo, kofia ya mkulima kichwani, akitazama mlango wa basi. Wakakaa robo saa. Basi likaondoka. Yeye alikuwa akimngoja kijana mrefu mwenye nywele nyingi, na mzee akimngoja msichana wa miaka kumi na saba. Anasema hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Jua lilikuwa zuri, kulikuwa na harufu ya udongo uliochimbuliwa karibuni, na alihisi angeweza kungoja hapo mpaka jioni.

Kisha mzee akatoa chungwa mfukoni na kulimenya kwa kisu, ganda likishuka utepe mmoja mrefu bila kukatika, kisu kikienda kuelekea kifuani na si mbali na mwili, jambo ambalo watu wote humkataza mtoto kufanya. Eustolia alimjua mtu mmoja tu aliyemenya hivyo, naye alikuwa baba yao.

"Utajikata," alimwambia.

Mzee akageuka.

Eustolia aliondoka kwetu na nguo za wiki tatu. Alikaa mavuno yote ya viazi, kisha theluji ikaanguka na barabara zikafungwa, kisha wifi yake, yule mwanamke mkali, akavunjika kifundo cha mguu na akahitaji mtu wa kumsaidia jikoni. Noelia anasema wanazungumza vizuri wale wawili, kila mmoja kwa lugha yake. Abel hakubadilisha jina. Wajukuu wake wamelizoea, na mmoja amelichora kwenye mlango wa lori lake kwa rangi ya kijani.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata nilipata kadi kutoka kwa Eustolia, picha ya mlima. Nyuma aliandika kwamba Abel anachanganya maneno, anataka mkate anasema godoro, lakini anacheka vilevile. Yeye anashona mapazia ya nyumba nzima. Asubuhi anakaa dirishani, na mbele yake ni weupe mtupu wa theluji mpaka macho yanapoishia, naye anatazama tu, na hakuna anayemwita.

Duka la karibu na reli limeajiri mshonaji mwingine. Noelia amekwisha kuninong'oneza kwamba hadhani mama atarudi kabla ya kiangazi, na hajamuuliza.